Sambusa za Nyama ya Matanga

Ibadakuli, Shinyanga
3 Machi 2025

Mama Paskalia, mwanangu,

Nianze na nyama kabla haijayeyuka. Ukipokea kifurushi hiki usikae kusoma barua. Fungua gazeti, toa mfuko, itafutie mahali pa baridi, ndipo urudi hapa. Nimeigandisha siku mbili kwenye friji la Mama Hosiana, na Amosi kondakta nimemwonya asiiweke karibu na injini ya basi, kwa sababu namfahamu, yeye mzigo ni mzigo.

Umeshaiweka? Haya.

Jumamosi tumeanua matanga. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, mpaka wale waliokosana na marehemu baba mkwe wako. Wote waliuliza ulipo. Niliwaambia mke wa Edson ana homa, yuko Segese, ametuma ujumbe. Wengine walikunja midomo. Niliwaacha waikunje.

Hii nyama ni fungu lako. Kwa ukoo wetu mjane hukatiwa paja la kulia la ng'ombe wa matanga, akalipika kwa mkono wake, akala yeye na mtoto wake, basi, msiba umeisha, anaanza kuishi. Ulitakiwa uile hapa mbele yetu, lakini kwa kuwa homa ilikushika nikasema sheria haitavunjika nyama ikisafiri kidogo. Najua hupendi nyama ya kuchemsha. Itengeneze sambusa, kama nilivyokufundisha mwaka ule ulipokuja kwangu bibi harusi kutoka Buseresere, manda zako nene kama kandambili. Leo nasikia wachimbaji wa Segese wanapanga foleni mlangoni kwako. Mwalimu wako ni mimi niliyekaanga sambusa stendi miaka kumi na saba, usije ukasahau kusema.

Kila aliyeniuliza habari za mwanangu nilimjibu kile alichotuambia siku ya mazishi yule Masudi wa Kondoa, aliyeshuka kwenye duara la mgodi akamtoa. Kwamba kifusi kiliporomoka Edson akafa papo hapo, hakuteseka, hakujua hata kilichompata. Hilo ndilo linalonipa usingizi, mwanangu. Vingine vyote vinaniamsha.

Tena nunua simu, hata kale ka tochi. Mimi na uzee huu kuandika barua kama niko jeshini, vidole vinauma.

Mama yako,
Lusia

*

Segese
8 Machi 2025

Shikamoo Mayu.

Nyama ilifika ikiwa baridi. Asante mama. Paskalia hajambo, anakwenda shule. Mimi sijambo.

Simu sijanunua. Edson alishuka na yangu siku ile kwa sababu tochi yake ilikuwa imekufa. Sitaki nyingine kwa sasa. Mkipiga itabidi niseme kitu, na sina cha kusema. Kwenye barua naweza kuandika sentensi moja, nikafua nguo, nikarudi nikaandika nyingine.

Nimeanza tena sambusa. Mfungo ulipoanza, Masudi alikuja mlangoni akasema vijana wa kambi yake hawana cha kufuturu zaidi ya uji na maandazi ya jana. Nilimwambia siwezi. Hakubishana. Alisema atapita kesho saa kumi na mbili kasoro, akaondoka. Kwa hiyo kesho yake nikaamka nikakanda unga.

Nafanya kama ulivyonifundisha. Unga, chumvi, mafuta kidogo, maji ya uvuguvugu, donge liwe gumu. Nakata matonge, nasukuma, napaka mafuta, nanyunyiza unga, nabandika jingine juu, nasukuma yote pamoja mpaka yaenee. Naweka kwenye kikaango kikavu, nageuza, natenganisha yakiwa ya moto. Nakata vipande, nafunika kwa kitambaa kibichi. Mikono inajua kazi yake. Mimi nakaa hapo nikiitazama. Juzi niliunguza kidole, nikaona ngozi imevimba, nikaendelea kutenganisha manda. Maumivu niliyasikia jioni, nayo kidogo.

Masudi huja saa ile ile. Hakai. Anapokea beseni, anauliza Paskalia amesoma nini, anaondoka. Nikisikia hatua zake ndipo najua siku imeisha na nimeimaliza.

Alhamisi buchani hapakuwa na nyama, ng'ombe hakuchinjwa. Nikakumbuka ile yako. Niliisaga yote, nikaikausha kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, nikatoa sambusa sitini na nne. Vijana walizifuturu zote. Masudi alikula sita, akasema nyama ile ilikuwa nzuri kuliko ya siku zote, akaniambia nikupe salamu.

Najua ilikuwa fungu langu na Paskalia. Usikasirike. Sikula hata moja. Chakula hakina ladha mdomoni. Nakula ugali kwa sababu Paskalia haanzi kula mpaka mimi nianze.

Mkweo,
Vumilia

*

Ibadakuli
12 Machi 2025

Mama Paskalia,

Marahaba. Nimekasirika, halafu nimeacha, halafu nimekasirika tena. Nimeona nikuandikie katikati.

Fungu la mjane mtu anawapa wachimbaji, sambusa sitini na nne! Hata kipande kimoja hukuonja, wala mtoto hakuonja. Mwanangu, ile haikuwa kitoweo. Nilimwambia Nkwabi nikidhani atacheka, hakucheka. Shemeji yako unamjua, akinuna ukuta wenyewe unajua. Na ana haki yake, kwa sababu safari hii hatukuita mtu wa kuchinja. Ng'ombe alimchinja yeye mwenyewe kwa mkono wake, kama kaka mkubwa anavyotakiwa. Alisimama na kisu akamtaja babu yake, akamtaja baba yake, akamtaja Edson, akasema paja hili ni la mke wako na mtoto wako, wale, wapone. Hata mimi niliyezaliwa ndani ya kanisa nilisisimka. Sasa anasikia paja limefuturiwa.

Lakini nimemtuliza. Nimemwambia watu walioila ndio waliochimba siku mbili bila kuitwa kumtafuta ndugu yake, kwa hiyo haikupotea. Akatikisa kichwa, akaenda kwenye ng'ombe zake.

Jambo jingine. Unasema unakausha nyama kwa tangawizi na saumu, vizuri, lakini vitunguu maji unaweka lini? Kama bado unaviweka nyama ikiwa jikoni, acha. Epua kwanza, acha ipoe, ndipo uchanganye vitunguu vibichi na giligilani. Ukiviweka kwenye moto vinatoa maji, manda inalowa, sambusa inapasuka kwenye mafuta. Nilikwambia hili zamani ukaitikia ndiyo Mayu ukafanya la kwako.

Jilazimishe kula. Hata nusu.

Lusia

*

Segese
14 Machi 2025

Shikamoo Mayu.

Barua yako nimeipata jana, Alhamisi. Nimesoma habari ya Nkwabi na kisu mara tatu.

Mimi sikujua. Kwenye harusi yetu mlimwita mzee wa msikitini akachinja, ili kila mgeni ale. Kwenye kipaimara cha mtoto wa Nkwabi mlifanya hivyo hivyo. Nikajua na safari hii ni hivyo. Sikuuliza. Haikunijia kabisa kuuliza.

Mayu, Masudi ni Mwislamu. Vijana wake wote tisa ni Waislamu, na wamefunga. Masudi hali hata kuku kama hakumwona aliyemchinja. Nyama anayokula kwangu anaila kwa sababu anajua bucha ninakonunua, na anayechinja pale anaswali naye. Nami nimewapa nyama iliyochinjwa na Nkwabi, nyama ya tambiko iliyotajiwa majina ya wafu, nikawapa wakati wanafungua saumu. Na yeye akanituma nikupe salamu.

Najua napaswa kuogopa. Nimekaa nikisubiri woga uje, haujafika. Jana nilitengeneza sambusa kama kawaida, nyama ya buchani. Alipokuja nikampa beseni bila kumtazama usoni. Aliuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Nikimwambia, hatakuja tena. Sidhani kama atagomba, si mtu wa kugomba. Atanyamaza tu na asije. Watu wengine hapa wameacha kunigongea, wanapita na shughuli zao, siwalaumu. Masudi ndiye anayekuja. Asipokuja saa kumi na mbili kasoro, sijui nitaamka asubuhi kwa ajili ya nini. Paskalia najua nina wajibu naye, lakini wajibu wenyewe nautimiza kwa sababu kuna unga wa kukanda, na nikishasimama kwa ajili ya unga namwogesha na yeye.

Nisipomwambia, nitampa sambusa kila siku nikijua.

Niambie nifanye nini. Nitafanya utakachosema.

Vumilia

*

Ibadakuli
18 Machi 2025

Mwanangu Vumilia,

Nimekaa na barua yako siku nzima sikuwasha hata jiko. Mama Hosiana alikuja kuuliza kama nimesafiri.

Nusu ya kosa ni langu. Nimeuza sambusa stendi miaka yote ile, nikipika mwezi wa mfungo kuliko miezi mingine, nikijua nani anakula nini na nani hali nini. Halafu nikakuandikia utengeneze sambusa, nikijua unawapikia nani, nisikumbuke kukwambia kisu alishika nani. Kwangu mimi ng'ombe wa matanga huchinjwa na mwenye msiba, inajulikana. Nikasahau kwamba wewe umeingia kwetu kwa harusi na kipaimara, hujawahi kukaa kwenye matanga yetu.

Sasa nakujibu kama mama yako. Nyamaza.

Hawakujua walichokula. Mtu asiyejua hana dhambi, kwao na kwetu. Nyama imeliwa, imekwisha, huwezi kuirudisha. Ukimwambia unamtwisha kitu ambacho sasa hivi hakimlemei, kwa faida gani? Ili wewe upumue? Na maneno yakitoka kambini yatazunguka Segese nzima, itasemwa mjane wa Edson aliwalisha watu tambiko. Kesho hakuna atakayegusa chakula chako. Pika nyama safi, mpe, mfungo utaisha, na jambo hili litaisha nao.

Usidhani nakwambia jambo nisiloliweza. Homa yako ya tarehe mosi sikuiamini hata siku moja. Amosi aliniambia alikuona wewe na mtoto mkishuka Kahama, mkavuka barabara, mkapanda gari la kurudi Segese. Nimekaa na hilo karibu wiki tatu. Mbele ya ukoo mzima nilisema una homa. Sikukuuliza, na sikuulizi leo. Unaona basi kwamba kunyamaza kunawezekana, na watu wakabaki wanapendana.

Au njoo nyumbani, mwanangu. Hapo kuna nini tena? Shule zipo hapa. Chumba cha Edson kipo. Nitafurahi nikisikia mtu anasukuma manda kwenye meza yangu, hata kama anasukuma vibaya.

Lusia

*

Segese
27 Machi 2025

Shikamoo Mayu.

Nilitaka kukutii. Siku mbili nilikutii. Naomba usome barua hii ukiwa umekaa, na Mama Hosiana awe karibu, kwa sababu kuna jambo la Edson mwishoni.

Kwanza la Kahama. Ni kweli. Gari lilipoingia stendi nilimwona mwanamke amebeba shada la maua ya karatasi, anakwenda kwenye msiba wa watu wengine, nikajua nikifika kwako mtaniangalia nikilia. Na mimi sikuwa na kilio. Tangu walipomtoa sikuwa nimelia, si mazishini wala baadaye. Niliogopa mseme sikumpenda. Nikashuka.

Jumamosi iliyopita Masudi aliwahi. Nilikuwa sijamaliza kufunga sambusa. Akanawa mikono, akavuta kigoda, akachovya kidole kwenye uji wa unga wa kugundishia, akaanza kufunga pembe. Alisema kwao Kondoa mama yake alikuwa akimpa kazi hiyo hiyo. Vidole vyake ni vinene, vimechanika na mawe, lakini pembe zake zilikaa kuliko zangu. Alifunga kama kumi hivi. Nikaona nikimwacha afunge ya kumi na moja nitakuwa mtu mwingine kabisa, mtu nisiyemtaka. Nikamwambia.

Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia wewe, Nkwabi, kisu, majina, sambusa sitini na nne. Aliweka chini ile aliyoshika. Alinawa mikono tena. Kisha akaniuliza, "Umejua lini?"

Nikasema Alhamisi ya wiki iliyopita.

Akahesabu kwa vidole. Akasema, "Ile siku ya nyama sina neno nawe, Mama Paskalia. Hukujua, na sisi hatukujua. Lakini hizi siku tisa umenitazama nikila."

Akaondoka bila beseni. Adhana ilipolia nilikuwa bado nimekaa pale pale. Sambusa niliwagawia majirani.

Jumapili hakuja. Jumatatu hakuja, wala Jumanne. Vijana wake wakipita wanapita upande wa pili wa njia. Nilidhani nitalala nisiamke, kama nilivyokuandikia. Lakini niliamka, Mayu. Nilikanda unga, nikasukuma manda, nikamwogesha mtoto. Sijui nilikuwa nampikia nani. Nilikaanga sambusa nane, nikampa Paskalia mbili, nikala moja. Ilikuwa na chumvi nyingi. Niliisikia.

Jana Jumatano, saa kumi na mbili kasoro, nilisikia hatua zake. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema amewaeleza vijana. Wawili walikasirika sana, mmoja alikwenda kutapika kitu kilichokwisha kutoka wiki mbili zilizopita, wenzake wakamcheka. Walikwenda kwa shehe wao, naye akawaambia hawana dhambi, wamwombe Mungu na waendelee na mfungo. Nikasema nashukuru. Nilidhani amemaliza.

Akasema, "Wewe ulikuwa na siku tisa ukashindwa kuzibeba. Mimi ninazo sitini na tano."

Sasa nakuandikia alichosema. Nimefikiri sana kama nikufiche. Ungeweza kuniambia ninyamaze, na safari hii sababu ingekuwa kubwa kuliko ya nyama. Lakini kila nikifikiri kukaa mbele yako nikikusikia unasema Edson hakuteseka, nikiitikia ndiyo Mayu, namwona Masudi akila sambusa zile. Sitaki kuanza kuhesabu siku zangu na wewe.

Edson hakufa papo hapo. Kifusi kiliporomoka Jumamosi mchana kikaziba njia, lakini upande wake matimba, yale magogo ya kushikilia udongo, yalisimama, akabaki amefungiwa nyuma ya kifusi. Masudi na vijana wake walipoanza kuchimba walimsikia akigonga. Alikuwa akigonga jiwe kwenye gogo. Anagonga, anapumzika, anagonga. Jumamosi yote aligonga, na Jumapili mpaka saa tisa alasiri. Walikuwa wamebakiza kama urefu wa mtu mmoja kumfikia. Udongo wa juu ukateremka tena, ikabidi waanze upya. Waliporudi pale pale palikuwa kimya. Jumatatu ndipo walipomfikia.

Masudi anasema alipomtoa aliapa kusema ukweli. Mimi aliniona nimekaa juu ya mchanga sisemi wala silii, akaniambia alikufa papo hapo ili nisiwe vibaya zaidi. Halafu kwenye mazishi wewe ulimshika shati kwa mikono miwili, ukamwuliza kama mwanao aliteseka. Akakwambia hapana. Anasema angekwambia hapana hata kama angeapishwa.

Nililia, Mayu. Nililia nimesimama, nimeshika mwiko. Nilianza kulia kwa ajili ya nyama, kwa aibu yake, halafu nikawa nalia kwa ajili ya Edson, sikujua nimevuka lini. Masudi alibaki mlangoni. Paskalia alitoka ndani akaniuliza kama nimeungua. Nikamwambia ndiyo, akanipulizia mkono.

Nilipotulia Masudi aliuliza nyama ya leo ni ya wapi. Nikamwambia ya buchani. Akachukua beseni, akauliza Paskalia amesoma nini, akaenda kufuturu.

Nisamehe kwa homa. Nisamehe kwa fungu langu. Hili la mwisho siwezi kukuomba msamaha, kwa sababu nimefanya kusudi.

Vumilia

*

Ibadakuli
2 Aprili 2025

Vumilia,

Barua niliisoma peke yangu. Mama Hosiana sikumwita.

Siku tatu nilifagia, nikapika, nikala, kama wewe. Sikujua kumbe hali yako ilikuwa hii. Nilidhani unadeka. Watu wa sikukuu walileta pilau, nikawashukuru, nikaweka sahani mezani, nikaikuta kesho yake.

Nimemsomea Nkwabi. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Kisha akasema kwamba Jumapili ile saa tisa alikuwa njiani anakuja huko, gari lilipata pancha, akasimama na watu wanapiga stori. Amerudia maneno hayo mara nyingi. Nimemwacha.

Sikulaumu. Masudi naye simlaumu. Nilimshika shati kweli, na nilikuwa nimeshaamua jibu kabla hajafungua mdomo. Angesema jingine nisingemwachia.

Msamaha wa homa na wa fungu sitaki kuusikia tena. Njooni Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, wewe na mtoto, na umlete Masudi. Mwambie ni mimi ninayemwita. Nkwabi amekwenda kwa mzee wa msikitini, watachinja mbuzi asubuhi mbele ya kila mtu, na Masudi akitaka asimame aone kisu. Manda nitasukuma mwenyewe. Wewe utajaza, yeye afunge pembe kama anavyojua.

Tukishakula, nitamwomba anieleze yote tangu mwanzo, asiruke. Nataka kujua Edson aligonga vipi, kwa nguvu au polepole. Nataka kujua kama na wao walimgongea, ili ajue kuna watu. Na kama aliita jina la mtu, alitaje, hata kama si langu.

Mama yako,
Lusia